Punje za Tope la Ziwa

Wasomaji wenzangu, sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika twalijua ziwa letu kwa uso wake. Twajua upepo wa kusini uvumao wakati wa kiangazi, twajua usiku wa giza ufaao kuvulia dagaa kwa taa, twajua na miamba ipasuayo mitumbwi. Lakini chini yake hatukujui. Mimi nimefundisha miaka mingi katika shule ya kijiji kimoja cha upande wa Kigoma, na kila mwaka huwaambia watoto ya kuwa ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na kwamba duniani kote lazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Huandika, hupata alama zao, wala hata mmoja hajapata kuniuliza kuna nini huko chini. Kuna tope. Nataka kuwasimulia habari za tope hilo, jinsi nilivyojaribu kulipima, na jinsi kipimo changu kilivyokuwa karibu kumdhulumu mtu.

Kijiji chetu kimejengwa mahali kijito kishukapo kutoka milimani na kuingia ziwani. Zamani, karibu na mlango wa kijito, palikuwa na mawe meusi chini ya maji, na juu ya mawe hayo palikuwa na samaki wadogo wa rangi nyingi, wakila majani membamba yaotayo juu ya jiwe. Watoto walipenda kupiga mbizi hapo na kuwatazama. Mwaka 2022 wavuvi wakaja barazani kulalamika: mawe yamefunikwa na tope, samaki wamehama, na nyavu zivutwazo karibu na pwani zapanda zimejaa uchafu mwekundu. Wakasema, ‘Haya yatoka kwa watu walimao mlimani.’ Na hasa walimtaja mama mmoja mjane, ambaye tangu mumewe alipofariki alikuwa amelima mihogo kwenye mteremko mkali ulio juu ya kijito. Wakataka shamba lake lifungwe.

Yule mama alisimama akasema maneno machache tu. Alisema, ‘Tope halina jina la mtu. Nani kati yenu amelisoma akaona jina langu?’

Watu wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Akanigeukia mimi, akasema, ‘Mwalimu, wewe wafundisha watoto elimu ya vitu. Je, tope laweza kupimwa?’ Nikajibu upesi ya kuwa laweza. Najuta upesi ule, maana nalikuwa nimesoma habari zake katika kitabu, lakini mkono wangu haujapata kuzifanya.

Nilichokuwa nimekisoma ni hiki. Maji yaendayo kwa nguvu huchukua punje kubwa, na yaendayo polepole huchukua punje ndogo tu. Kijito kikifurika hubeba mpaka changarawe. Kikifika ziwani nguvu yake hufa, nayo hutua mizigo yake kwa zamu, mzito kwanza, mwepesi mwisho. Changarawe na mchanga hubaki karibu na mlango, tope laini huenda mbele, na udongo wa mfinyanzi huenda mbali kabisa, kwenye maji matulivu ya kina. Kwa hiyo mtu akipima ukubwa wa punje zilizolala chini ya ziwa, aweza kujua nguvu ya maji yaliyozileta, ijapokuwa maji hayo yalipita kabla babu zake hawajazaliwa.

Wataalamu wamekwisha kupatana juu ya majina ya punje hizi. Mwaka 1922 Mmarekani mmoja, jina lake Wentworth, alipanga daraja ambazo zatumika mpaka leo. Punje izidiyo milimita 2 si mchanga tena, ni changarawe. Kutoka milimita 2 kushuka hata sehemu moja ya 16 ya milimita, ni mchanga. Chini ya hapo ni tope laini, na chini ya tope laini ni mfinyanzi. Mpaka wa tope na mfinyanzi una ugomvi kidogo: wenye elimu ya mawe wauweka karibu na elfu 4 za milimita, yaani sehemu 4 katika 1,000, na wengi wa wenye elimu ya mashamba wauweka kwenye elfu 2. Punje za elfu 2, ukizipanga 500 katika mstari mmoja, ndipo upate milimita moja. Hapana jicho liwezalo kuiona moja ya hizo peke yake.

Basi kitu kisichoonekana chapimwaje? Mchanga hupimwa kwa chekeche, tena machekeche mengi, moja juu ya jingine, kila moja na tundu ndogo kuliko la juu yake. Mfinyanzi hauwezi kuchekechwa hivyo. Huo hupimwa kwa mwendo wake wa kuzama. Mwaka 1851 mtaalamu wa hesabu, George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge, alitoa kanuni ya kitu kidogo cha mviringo kizamacho katika maji matulivu. Punje ikiwa na upana mara mbili ya mwenzake huzama kwa mwendo wa mara nne. Ikiwa na upana mara kumi, huzama kwa mwendo wa mara mia. Kanuni hii ni ya punje ndogo, changarawe haiifuati. Lakini kwa tope yafaa sana. Katika maji ya kadiri ya digrii 20, punje iliyo mpakani mwa mchanga na tope hushuka sentimita 10 kwa nusu dakika. Punje ya elfu 20 za milimita hutaka dakika karibu 5. Na ile ya elfu 2 hutaka saa karibu 8, na maji yakiwa na joto kama haya ya kwetu yapungua kama saa moja.

Naliwapa watoto wa darasa la saba hesabu hii: punje moja ya elfu 2, ikizama peke yake bila kushikamana na nyingine, itachukua muda gani kufika chini ya Tanganyika pale palipo na kina kuliko pote? Walipomaliza walidhani wamekosea. Ni miaka zaidi ya 10. Na punje ya mchanga mwembamba kabisa ni siku 5 hivi. Yule kijana mdogo aketiye nyuma akasema, ‘Basi, Mwalimu, liko tope lililoingia ziwani kabla sijazaliwa, nalo bado liko njiani.’ Sikumsahihisha siku ile. Baadaye nalijua ya kuwa katika ziwa lenyewe punje hushikana, na mavi ya wadudu wa majini huzifunga pamoja, zikaenda upesi kuliko hesabu. Na jambo hilo la kushikana ndilo lililonikosesha.

Naam, sasa nieleze kosa langu. Nalikwenda na mtumbwi mlangoni mwa kijito, nikatia tope katika mkebe, nikaja nalo shuleni. Nikalitia katika chupa ndefu ya kioo, nikamimina maji, nikatikisa sana, nikaiweka juu ya meza, saa mkononi. Nusu dakika ilipotimia nikaangalia. Zaidi ya nusu ya tope lote lilikuwa limekwisha kutua chini, na maji juu yake yamekwisha kuanza kutakata. Nikarudia mara tatu, ikawa vile vile. Nikaandika katika daftari: mchanga, zaidi ya nusu.

Nikafikiri hivi: mchanga mwingi namna hii hauletwi na kijito kidogo, ila maji yakiwa yashuka kwa nguvu kutoka mteremko ulio mtupu. Mteremko ulio mtupu ni upi? Ni ule wa mihogo ya mama. Nikalisema jambo hilo barazani, na chupa mkononi, nikaitikisa mbele ya watu wote. Wakashangaa kuona tope likianguka upesi. Wavuvi wakasema, ‘Mnaona sasa.’ Yule mama aliitazama chupa, akanitazama mimi, akaondoka bila neno. Serikali ya kijiji ikampa miezi miwili avune alichoweza, kisha asilime tena hapo.

Jioni yake mzee mmoja mvuvi alipita kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba kuiona ile chupa. Akaipindua, akatoa tope kidogo kwa kidole, akalitia kinywani, akatafuna mbele ya meno. Akalitema. Akasema, ‘Mwanangu, mchanga hulia. Hili halilii.’ Nikamweleza habari za Stokes. Akasikiliza kwa adabu, akaniaga. Mimi nikaona ni mambo ya kizee tu, nikaenda kulala.

Juma la tatu baada ya hayo alikuja likizo kijana mmoja ambaye nalimfundisha kusoma, na sasa asoma elimu ya mawe na udongo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akanisalimu, ‘Shikamoo, Mwalimu,’ nami kwa furaha nikamwonyesha chupa na daftari langu. Akasoma polepole. Kisha akauliza, ‘Mwalimu, maji haya uliyateka wapi?’

Nikasema, ‘Ziwani. Ni tope la ziwani, nimelitia maji ya ziwani.’

Akanyamaza kidogo, kama mtu atafutaye njia ya kumwambia mkubwa wake. Kisha akachota punje zile nilizoziita mchanga, akaziweka katika kiganja changu, akasema, ‘Sugua, Mwalimu.’ Nikasugua kwa kidole gumba. Zile punje zikavunjika zote, zikawa laini kama siagi. Hazikuwa mchanga. Zilikuwa vidonge vya mfinyanzi.

Alinieleza hivi. Punje za mfinyanzi ni kama vigae vyembamba sana, na katika maji matamu ya mvua kila kimoja hukikataa mwenzake, hukaa mbali, huelea. Lakini maji yakiwa na chumvi, hasa za kalisiamu na magnesiamu, kukataana kule hukoma, nazo hushikana mashada mashada. Shada la mfinyanzi huanguka kama punje kubwa. Na maji ya Tanganyika, ingawa twayanywa, yana magnesiamu nyingi iliyoyeyuka ndani yake. Kwa hiyo mimi kwa mkono wangu nalikuwa nimefunga mfinyanzi kuwa vidonge, kisha nikaupima na kuuita mchanga. Mzee yule alikuwa amelijua jambo kwa meno yake kabla ya chuo kikuu. Sikulala vema usiku ule.

Asubuhi tulianza tena, safari hii kwa utaratibu, nami nikawa mwanafunzi wa mwanafunzi wangu. Kwanza hatukuchota tope kwa mkebe, kwa kuwa mkebe huchanganya la juu na la chini. Tulipigilia bomba la plastiki wima katika tope, tukaziba juu kwa kizibo, tukalivuta, na tope likatoka limesimama kama lilivyolala. Tulifanya hivyo mahali patatu: karibu na ukingo, mlangoni mwa kijito, na mbele zaidi, penye maji ya pima 4 ambako vijana wetu wapiga mbizi hawaogopi. Kisha tope la kila mahali tulilitia dawa ile itoayo povu, haidrojeni peroksaidi, ambayo wauguzi husafishia vidonda. Hiyo hula majani yaliyooza, maana uozo nao hugundisha punje. Ilichemka siku mbili nje ya darasa, na watoto hawakutaka kwenda kula. Halafu tukaosha kwa maji ya mvua tuliyoyakinga batini, tukaosha tena na tena, tukatia unga mweupe aliouleta, uitwao sodiamu heksametafosfati, ambao kazi yake ni kuzitenga punje zisikamatane. Tukaacha usiku kucha.

Alikuwa na chekeche moja la waya wa shaba, tundu zake elfu 63 za milimita. Ukiliinua juani laonekana kama kitambaa. Tulimimina tope la mlangoni juu yake na kuliosha kwa maji. Lile lile nililoliandika ‘zaidi ya nusu mchanga’ likapita karibu lote, na juu ya chekeche kikabaki kijiko kidogo. Naliandika upya katika daftari, wala sikuifuta ile hesabu ya kwanza. Iko pale hata leo, na mstari umepita juu yake.

Yaliyopita chini aliyachukua Dar es Salaam yakapimwe kwa mashine. Mashine hiyo yapitisha mwanga wa leza katika maji yenye tope. Punje kubwa huupinda mwanga kidogo tu, punje ndogo huutawanya kwa upana, na mashine huhesabu kutokana na duara za mwanga zilizo nyuma. Ni kazi ya dakika chache, na ile ya kungoja kuzama ni kazi ya siku nzima. Nikamwuliza kwa nini basi watu waendelee kungoja. Akasema njia mbili hizi hazipatani sawasawa. Kigae cha mfinyanzi, kwa kuwa ni kipana na chembamba, mwanga hukiona kikubwa, lakini katika kuzama huenda pole kama kidogo. Hivyo leza kwa kawaida huonyesha mfinyanzi haba kuliko chupa. Mtu aandikaye ukubwa wa punje hana budi kusema alipima kwa njia gani. Neno hilo limenipendeza, nami natamani watu wapimao mashamba na mipaka wangelifuata.

Tulipokuwa tukingoja majibu tulipasua bomba la tatu, lile la maji ya pima 4, tukakuta jambo ambalo hatukulitazamia. Juu palikuwa na tope laini jekundu. Chini yake, tope la kijivu. Na chini ya hilo palikuwa na tabaka la mchanga halisi, uliao katika meno (mzee alikuwapo, akauonja). Nikasema, ‘Haya, hapa napo mteremko ulikuwa mtupu.’ Kijana akacheka, akasema, ‘Mwalimu, mchanga waweza kuja mahali kwa sababu kijito kimepata nguvu, na waweza kuja kwa sababu ukingo wenyewe umesogea.’

Hapo nikakumbuka habari za Lukuga. Maji ya ziwa letu hutoka kwa mto huo mmoja tu, upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango wake ulizibwa na mimea na matope, ziwa likapanda mwaka kwa mwaka. Stanley alipomkuta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871 maji yalikuwa juu sana. Mwaka 1878 hivi kizuizi kikavunjika. Hore, baharia wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka ule ule wa 1878, alikwenda Lukuga mwaka uliofuata akaona maji yakitoka kwa nguvu. Katika muda usiotimia miaka 20 ziwa likashuka kadiri ya mita 10, na leo ukumbusho wa Ujiji umesimama mbali na maji. Ziwa lishukapo hivyo, mahali palipokuwa na kina na tope huwa pwani ya mchanga. Tabaka letu la mchanga laweza kuwa la wakati ule, au la wakati mwingine wa namna ile. Hatukuwa na njia ya kujua miaka yake. Hiyo hutaka kupima risasi fulani iliyomo katika tope, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 22. Lakini nalifahamu ya kuwa punje peke yake haisemi sababu. Husema nguvu ya maji tu.

Tena mchanga wa ukingoni nao ulikuwa na habari yake. Tangu mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, likaingia katika nyumba za watu wa pwani, kwetu na kwa jirani zetu wa Burundi. Mawimbi yakala ukingo. Mchanga tulioutoa pale ulikuwa msafi, punje zake zimeviringika, wala hapana wekundu wa mlimani juu yake. Huo haukutoka shambani kwa mtu yeyote.

Majibu ya Dar es Salaam yakaja: tope lifunikalo mawe ni tope laini na mfinyanzi. Msidhani hiyo ilikuwa habari njema. Tope jembamba ndilo libaya kwa samaki wa miambani, kwa kuwa huenea juu ya jiwe kama shuka, likayanyima mwanga yale majani walayo. Mwaka 1993 Andrew Cohen, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi miaka mingi katika ziwa hili, pamoja na wenzake, walichapa habari ya kuwa mahali ambapo milima imepoteza misitu na tope limezidi, aina za wadudu wadogo wenye gamba na za samaki zimepungua. Wengine wamelinganisha tope lililo mbele ya Gombe, ambako misitu imehifadhiwa na ambako pamekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, na tope la milango ya vijito vya vijijini. Kwa hiyo wavuvi walikuwa na haki ya kulalamika. Tope lilikuwa limetoka milimani kweli. Swali lilibaki lile lile la mama: la nani?

Ndipo tukafanya lile lililotupasa kulifanya kwanza. Mvua za Novemba zilipoanza, nalipanda kijito pamoja na watoto wakubwa, na chupa kumi. Tulichota maji juu ya shamba la mama, tukachota chini yake. Tukachota juu na chini ya barabara mpya iliyochongwa mlimani, na juu na chini ya kila shamba liguswalo na kijito, mpaka ziwani. Siku moja, mvua moja. Tukazipanga chupa katika dirisha la darasa, zimeandikwa nambari.

Juu ya shamba la mama maji yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu. Chini yake yalizidi, sikatai, lakini yalizidi kidogo. Chini ya barabara yalizidi sana. Lakini chupa ya nane ilikuwa na jambo ambalo nyingine hazikuwa nalo: nusu dakika haikuisha, na mchanga ulikuwa umelala chini unene wa kidole. Watoto waliitazama nambari, wakanitazama, wakanyamaza, maana walijua chupa ya nane ilichotwa wapi. Ilichotwa chini ya shamba langu.

Miaka minne nyuma nalikata matete na miti ya ukingoni ili nipande miwa hata kando ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yasema mita 60 ziachwe kutoka ukingo. Mimi sikuacha hata mita 6. Kila mvua kubwa ukingo ule uliporomoka kidogo, nami naliona, nikasema moyoni ni hasara yangu mwenyewe. Nalikuwa nimebeba chupa barazani kumshitaki jirani, na mchanga halisi wa kijito kile ulikuwa watoka kwangu.

Nawaambia kweli, wasomaji, nalikaa siku nne kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Nalijiambia ya kuwa mvua moja haitoshi, kwamba yafaa kupima tena mwakani. Maneno hayo ni kweli, na ndiyo maana yalikuwa hatari. Siku ya tano mvua ilinyesha tena, nikachota chupa mbili tu, juu na chini ya miwa yangu. Ikawa vile vile.

Baraza lilipokutana nalizipanga chupa zote kumi juu ya meza. Nalieleza kwanza kosa la maji ya ziwani, nikamwomba radhi mama mbele ya watu. Nikaeleza ya kuwa barabara yatoa tope jingi, na mashamba yote ya mteremko, pamoja na la mama, yatoa kiasi chake, na kwamba ukingo wa pwani umeliwa na mawimbi. Mwenyekiti akahesabu kwa kidole, akafika kwenye ya nane. ‘Na hii yenye mchanga?’

‘Ni ya kwangu,’ nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee mvuvi peke yake alijisogeza mbele, akatumbukiza kidole katika chupa ya nane, akauonja ule mchanga, akatikisa kichwa kukubali. Kisha yule mama akasema, ‘Basi, Mwalimu, na wewe umepewa miezi miwili?’

Nikapewa miezi miwili. Yeye akaruhusiwa kuendelea, kwa sharti achimbe makinga-maji kukata mteremko, nasi tuliokuwa tumemshitaki tukapangiwa siku za kumsaidia kuyachimba. Juu ya barabara baraza liliandika barua, nayo haijajibiwa. Miwa yangu naliikata, nikapanda mabingobingo na matete hata mita 60, na shamba lililobaki ni dogo; mke wangu amelisema jambo hilo zaidi ya mara moja.

Tangu hapo, kila mvua kubwa, watoto wawili huchota chupa ya nane. Mchanga umepungua, wala haujaisha. Mjukuu wa mama ndiye ashikaye saa, naye ni mkali. Mtu akiitikisa meza hulazimisha waanze upya. Chupa ya juma hili iko dirishani, na nilipofunga darasa jioni ya leo maji yake yalikuwa bado mekundu.